Seminari ya Makoko na Sisi Tuliotoka



Kila tukutanapo tunawahesabu mapadre wetu na kuwapigia makofi. Sisi wengine, walimu, waganga na watumishi wa Serikali, twakaa kimya kama watu wanaodaiwa. Naomba leo tuitazame historia, huenda ikatuondolea aibu hiyo.

Mapadre wa White Fathers walianzisha misheni ya Nyegina mwaka 1911. Mwaka 1946 walikuja mapadre wa Maryknoll kutoka Marekani, na mwaka 1957 Musoma ikawa jimbo kamili chini ya Askofu John Rudin. Jimbo changa lilihitaji mapadre wazalendo, na ndiyo maana ya seminari yetu ya Mtakatifu Pius wa Kumi, Makoko. Mwaka 1963, huko huko Makoko, ikafunguliwa shule ya lugha. Vijana wa Kiafrika walihangaika na Kilatini, na mapadre wa Kizungu wakahangaika na ngeli za Kiswahili.

Kisha ikatungwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969. Shule za misheni zilizopata ruzuku zilitwaliwa na Serikali, ili mtoto asinyimwe nafasi kwa sababu ya dini yake. Mwalimu Nyerere, aliyebatizwa Nyegina mwaka 1943, hakuibakiza hata Pugu alikofundisha mwenyewe. Seminari ziliachwa mikononi mwa Kanisa, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kulea mapadre.

Mimi niliingia mwaka 1996, nikatoka bila kuendelea na seminari kuu. Nyumbani Kamunyonge, mama aliwajibu majirani mwezi mzima kwamba niko likizo. Maskini mama! Miaka kadhaa baadaye, nikiwa mgeni kazini, mtu aliniwekea bahasha mezani. Nilikumbuka zamu ya ghala: unahesabu madebe ya mahindi mbele ya mwenzako, ndipo unatia sahihi. Nikamrudishia bahasha yake.

Basi, hesabu yangu ni hii. Taifa liliiachia Kanisa seminari, nasi tuliotoka tumelirudishia Taifa watumishi. Hapo hakuna aliyepunjwa.

Nanyi wadogo zetu mlioko madarasani, atakayeitwa altareni na aende kwa furaha. Atakayetoka, asiingie kwao usiku. Na mkutano ujao, tukishawapigia makofi mapadre, tusimame sote tuhesabiwe.