Mzimu, mapenzi na kicheko

Hapa ni Malakia, Juba. Leo historia kidogo ya filamu za mapenzi na mizimu, zile unaogopa huku unacheka.

Mwaka 1994 Nigeria ilitoa Nneka the Pretty Serpent: mrembo mwenye roho wa maji ananasa waume za watu. Hapo mwanamke ndiye hatari. Kwetu Afrika Mashariki walikuwepo watafsiri, Lufufu kule Dar es Salaam na VJ Jingo wa Kampala, wakiongea juu ya picha mpaka ya kutisha yakachekesha.

Mwaka 2018 India ikatoa Stree. Mwanamke aliyeuawa usiku wa harusi yake anarudi kuteka wanaume. Sasa wanaume ndio wanajifungia ndani usiku, wengine wanavaa nguo za kike! Katikati ya hofu, fundi cherehani anampenda msichana asiyemjua jina.

Tulipoitazama hapa tulicheka sana. Dada mmoja akasema, "Kambini sisi tunaogopa hata kwenda choo usiku. Mbona hamcheki?" Tukanyamaza.

Tangu siku hiyo filamu zetu zinaisha kabla ya giza, na hakuna dada anayerudi nyumbani peke yake.