Watu wa Kufa na Liwali Wao: Funzo Katika Kuwalaumu Viongozi

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Dawa zikikosekana hospitalini au fedha za umma zikipotea, watu hugawanyika makundi mawili. Wapo wasemao hiyo ni kadari, basi tunyamaze. Na wapo wanaomtia kiongozi hatiani kwa maneno ya barazani kabla hajaulizwa. Njia zote mbili sizo walizopita wema waliotangulia. Tuutazame mji wa Kufa.

Mji huo wa Iraq uliasisiwa mwaka 17 Hijria (638), katika ukhalifa wa Umar bin Al-Khattab (r.a.). Liwali wake alikuwa Saad bin Abi Waqqas (r.a.), amiri wa jeshi katika vita vya Qadisiyya na mmoja wa Masahaba kumi waliobashiriwa Pepo. Pamoja na cheo hicho, watu wa Kufa walimshitaki kwa Khalifa. Wakafika hata kudai kwamba haswalishi vizuri!

Kisa hiki amekipokea Imam Bukhari kutoka kwa Jabir bin Samura (r.a.). Umar alimwondoa Saad katika uliwali, akamweka Ammar bin Yasir (r.a.). Kisha akamwita Saad na kumuuliza juu ya swala yake. Saad akaeleza kuwa anawaswalisha kama alivyoswali Mtume (s.a.w.), akirefusha rakaa mbili za mwanzo na kufupisha mbili za mwisho. Umar akamwambia kuwa hiyo ndiyo dhana aliyokuwa nayo juu yake.

Hata hivyo, hakutosheka na dhana njema. Alituma watu wafuatane na Saad hadi Kufa, wakauliza msikiti kwa msikiti. Kila mahali alisifiwa, mpaka msikiti wa Bani Abs. Hapo alisimama Usama bin Qatada, akadai mambo matatu: Saad hatoki na jeshi, hagawi kwa usawa, wala hahukumu kwa uadilifu. Saad naye akaomba dua tatu: ikiwa mtu huyo ni mwongo aliyesimama kwa kutaka kuonekana na kusikika, Mwenyezi Mungu amrefushie umri, amzidishie ufukara na amtie katika fitna. Mmoja wa wapokezi wa kisa alikuja kumwona mtu huyo katika uzee wake, nyusi zimemwangukia machoni, akiwachokoza wasichana njiani, na mwenyewe akikiri kwamba dua ya Saad imempata.

Ndugu msomaji, zingatia mambo manne.

Kwanza, ukubwa wa Saad haukuwafungia raia mlango wa kushitaki, wala hawakuadhibiwa kwa kushitaki.

Pili, uchunguzi ulifanywa hadharani, kwa wale walioongozwa, na mshitakiwa akiwapo. Hiyo ndiyo kuhakikisha habari tulikoamrishwa katika Suratul Hujurat.

Tatu, kuondolewa kazini si hukumu ya hatia. Ibn Hajar Al-Asqalani, katika sherehe yake ya Sahihi Bukhari, ametoa katika kisa hiki kwamba Imamu anaweza kumwondoa mtendaji aliyelalamikiwa hata kama halikuthibiti jambo juu yake, ikiwa maslahi yanataka hivyo. Na Umar alipokuwa anakufa, mwaka 23 Hijria (644), alimweka Saad miongoni mwa watu sita wa Shura, akabainisha kuwa hakumwondoa kwa sababu ya udhaifu wala khiyana. Basi heshima ya mtu ilirudishwa hadharani kama ilivyoguswa hadharani.

Nne, mwenye kulaumu naye ataulizwa. Kiongozi ni mchunga, naye ataulizwa juu ya anachokichunga. Na ulimi wa raia nao ni amana.

Sisi maimamu tunaletewa malalamiko kila Ijumaa. Tukiyazima, tumemdhulumu mwenye haki. Tukiyapandisha juu ya mimbari kabla ya kuyahakiki, huenda tumemdhulumu asiye na kosa. Tumuulize mlalamikaji: nani alikabidhiwa jambo hili, alifanya nini, na nani ameshuhudia? Kisha tuyafikishe kwa mwenye mamlaka ya kuyachunguza, wala tusichoke kufuatilia.

Wallahu a'lam.