Kikundi, Kidole na Simu: Historia Fupi ya Mikopo Midogo Midogo nchini Malawi

Mkopo ni suala la kujuana kabla ya kuwa suala la fedha. Mkopeshaji huuliza: huyu ni nani, na nikimtafuta nitampata? Makala haya yanaeleza jinsi swali hilo lilivyojibiwa nchini Malawi, hasa Lilongwe na katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, ambako Kiswahili huwaunganisha watu wa Kongo, Burundi na Rwanda.

Jibu la kwanza lilikuwa kikundi. Waswahili wana upatu, Wakongo wana likelemba, na Wamalawi wana banki mkhonde, yaani benki ya barazani. Taratibu zinatofautiana, lakini dhamana ni ileile: jirani anayekufahamu. Taasisi za mikopo midogo midogo ziliazima utaratibu huo, zikakopesha vikundi ambavyo wanachama wake walidhaminiana.

Hata hivyo, taasisi kubwa haiketi barazani. Malawi haikuwa na vitambulisho vya taifa kwa wananchi wote hadi usajili mkubwa wa mwaka 2017. Kabla ya hapo, aliyeshindwa kulipa aliweza kurudi kuomba mkopo kwa jina jingine. Hapo ndipo mashine ilipoingia.

Opportunity International Bank of Malawi, iliyoanza kazi mwaka 2003, ilitumia kadi zenye alama za vidole vya wateja. Asiyejua kusoma na kuandika aliweza kuweka akiba bila kutia sahihi. Mwaka 2007, watafiti Xavier Giné, Jessica Goldberg na Dean Yang walishiriki katika jaribio lililohusu wakulima wa paprika wa Malawi ya kati, Dowa ikiwemo. Baadhi ya wakopaji walichukuliwa alama za vidole, wengine hawakuchukuliwa. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2012, yalionyesha kwamba wale waliotazamiwa kuwa walipaji wabaya zaidi walilipa vizuri zaidi walipochukuliwa alama. Kwa wakulima wengine tofauti ilikuwa ndogo.

Simu ilifuata. Ikumbukwe kwamba M-Pesa ilijaribiwa nchini Kenya mwaka 2005 ili wateja wa Faulu wapokee na kulipa mikopo. Ni watumiaji wenyewe walioigeuza kuwa njia ya kutumiana fedha. Malawi ilipata Airtel Money mwaka 2012, kisha TNM Mpamba mwaka 2013. Katika Kichewa, mpamba ni mtaji. Jina hilo lilieleweka sokoni bila kufasiriwa.

Je, Dzaleka ilifaidika vipi? Mwaka 2013 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilijaribu kambini humo mfumo wake mpya wa kutambua watu kwa vidole na mboni za macho. Kwa hiyo mkimbizi wa Dzaleka alitambulika kwa mashine kabla Mmalawi wa kawaida hajapata kitambulisho cha taifa. Lakini utambuzi huo ulikuwa wa usajili na misaada, si wa mikopo, wala haukumpa haki ya kuishi atakako. Mwaka 2023 serikali iliwarudisha kambini wakimbizi waliokuwa wakifanya biashara mijini. Mfanyabiashara aliyejulikana kwa wateja wake katika mtaa kama Mtandire, jijini Lilongwe, angeweza kupoteza duka na wateja kwa siku moja, hali vidole vyake ni vilevile.

Funzo ni kwamba mashine hujibu nusu ya swali. Huthibitisha kuwa huyu ndiye. Haisemi kama kesho atakuwapo, wala kama ameelewa alichokubali. Nusu hiyo ya pili inawahusu walimu wa lugha. Kwa Mkongo wa Dzaleka fedha ni feza au makuta, na mkataba wake huweza kuandikwa kwa Kiingereza. Maneno kama riba, dhamana, salio na namba ya siri yanahitaji kuelezwa kwa Kiswahili anachokisema yeye. Wanafunzi wetu wa isimujamii wangefanya kazi ya maana kuyakusanya.