Kukana Kaida: Muziki wa No Wave Mjini New York

Kila kaida ya sanaa huzaa wanaoifuata na wanaoivunja, lakini ni nadra mkondo mzima wa sanaa kutambulishwa kwa ukanushi pekee. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa muziki wa chini kwa chini uliochipuka mjini New York, Marekani, katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 na kuitwa No Wave. Jina lenyewe ni kejeli. Wakati huo kampuni za santuri ziliunadi muziki wa panki uliolainishwa kwa jina la New Wave, yaani wimbi jipya. Jina la wapinzani likakana kuwapo kwa wimbi lolote. Mwanafunzi wa fasihi aliyezoea mjadala wa arudhi na mtindo huru atalitambua swali linalozuka hapa: anayevunja kaida zote hubaki na nini mkononi?

Mazingira yalichangia. Mwaka 1975 jiji la New York liliponea chupuchupu kufilisika. Katika eneo la Lower East Side majengo mengi yalikuwa yamechakaa, na pango lilikuwa nafuu kiasi cha kumwezesha msanii asiye na kipato kuishi. Panki, iliyokuwa imeshamiri katika ukumbi wa CBGB uliofunguliwa mwaka 1973, ilikuwa na kasi na hasira, lakini ilihifadhi umbo la roki: ubeti, kiitikio, na mipigo ya gitaa iliyorithiwa tangu enzi ya Chuck Berry. Machoni pa wana-No Wave, huyo alikuwa mwasi aliyevaa nguo za baba yake.

Wao walianzia penye mzizi. Arto Lindsay wa kundi la DNA alipiga gitaa la nyuzi kumi na mbili bila kuzilinganisha sauti. Mwenzake Ikue Mori, aliyetoka Japani mwaka 1977, hakuwa mpiga ngoma kabla ya kujiunga na kundi hilo. Katika Teenage Jesus and the Jerks, lililoongozwa na Lydia Lunch, baadhi ya nyimbo hazikufikia hata dakika moja. James Chance wa Contortions alichanganya saksafoni ya jazi na midundo ya fanki, na nyakati nyingine aliwavamia watazamaji kwa mikono yake.

Hata hivyo, ni kosa kuziita kazi hizi vurugu tupu. Mapigo ya Teenage Jesus yalikuwa makavu na yenye nidhamu kali, na ufupi wa nyimbo zake ulikuwa sheria. Kaida ya zamani ilipoondolewa, nyingine ilishika nafasi yake, ngumu kuliko ya kwanza.

Mwezi Mei 1978 makundi haya yalitumbuiza katika jumba la sanaa la Artists Space. Miongoni mwa waliohudhuria alikuwa Brian Eno, mwanamuziki wa Uingereza, ambaye mwaka huohuo alitayarisha santuri ya No New York. Ilikuwa na nyimbo kumi na sita za makundi manne: Contortions, Teenage Jesus, Mars na DNA. Santuri hiyo iliuhifadhi mkondo huo, lakini pia iliupunguza. Kundi la Theoretical Girls, lililokuwa limepiga katika tamasha hilohilo, liliachwa nje.

Waliorekodiwa hawakudumu. Mars ilivunjika mwaka 1978, Teenage Jesus mwaka 1979, na DNA mwaka 1982. Kinyume chake, Glenn Branca wa Theoretical Girls aliendelea kutunga kazi ndefu za magitaa mengi ya umeme. Miongoni mwa waliopiga pamoja naye ni Thurston Moore na Lee Ranaldo wa Sonic Youth, kundi lililoanzishwa mwaka 1981 na kuzipeleka sauti hizo mbali.

Historia ya No Wave inafunza mambo mawili. Kwanza, ukanushi ni mlango, si nyumba; aliyebaki kizingitini hakudumu. Pili, kumbukumbu iliyorekodiwa si historia yote. Mtafiti anayeishia kwenye santuri moja atawajua waliochaguliwa, na kuikosa mbegu iliyoota nje ya uzio.