Wasomi wa Sanaa za Maonyesho Walikwenda Wapi?

Ndugu zangu mliomaliza zamani, na ninyi mlioko madarasani hivi sasa,

Liko jambo moja ambalo halijabadilika Temeke tangu enzi zetu. Mwanafunzi akisema anakwenda Chuo Kikuu kusoma uhasibu, mzazi huwatangazia majirani. Akisema atasoma sanaa za maonyesho, huulizwa: “Yaani unakwenda kusomea ngoma?” Swali hilo lina jibu katika historia ya nchi yetu, ingawa si jibu la kumfurahisha kila mtu.

Desemba 1962, nchi ilipokuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alieleza kwa uchungu jinsi ukoloni ulivyotufanya tuzionee haya ngoma zetu wenyewe. Wizara ikawapo, watu wa kuiendesha walikuwa haba. Kujua kucheza ni kazi moja. Kupanga safari ya wachezaji arobaini, kuandika makisio ya fedha na kuyatetea mbele ya wakubwa ni kazi nyingine kabisa. Kikundi cha Taifa cha Ngoma kiliundwa, vijana wakapelekwa China kujifunza sarakasi, na mwaka 1967 Idara ya Sanaa za Maonyesho ikafunguliwa pale Mlimani, wakati chuo hicho kikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki.

Idara hiyo haikuanzishwa ili kufundisha utawala. Ilifundisha uigizaji, uandishi wa tamthilia na uongozaji wa michezo. Lakini Serikali ilikuwa na njaa ya wasomi, na waliotoka jukwaani walijikuta mezani, mbele ya majalada. Marehemu Godwin Kaduma, mwigizaji na mwandishi, alitoka Mlimani akaishia kushika madaraka ya sanaa Wizarani. Rashid Masimbi aliongoza Chuo cha Sanaa Bagamoyo.

Penina Muhando, ambaye wengi humfahamu kwa tamthilia ya Hatia iliyotoka mwaka 1972, alipanda hadi kuwa Afisa Mkuu wa Taaluma wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Baadaye alikwenda Nairobi kuongoza FAWE, jumuiya ya Afrika nzima inayoshughulikia elimu ya wasichana. Hapo tusimame kidogo, maana jambo hili linawagusa wanafunzi. Mwaka 1996 yeye na Profesa Amandina Lihamba walikuwa mstari wa mbele kuanzisha mpango wa Tuseme katika shule za sekondari. Wasichana wenyewe hutaja yanayowakwamisha, wakachunguza chanzo chake, wakayageuza kuwa mchezo, kisha wakauonyesha mbele ya walimu na uongozi wa shule. Mwalimu anayekaa kimya akiambiwa jambo ofisini hushindwa kukaa kimya likichezwa mbele ya shule nzima. Mpango huo ulivuka mipaka ukaingia nchi nyingine za Afrika. Kwa maoni yangu, hakuna kazi ya wahitimu wa idara ile iliyowafikia watoto wengi kuliko hiyo, nayo haikuhitaji jengo wala taa za jukwaani.

Upande wa pili wa habari hii hauna shangwe. Vikundi vya sanaa vya Taifa vilivunjwa, na mwaka 1981 Chuo cha Sanaa Bagamoyo kikaanza, wasanii wa vikundi hivyo wakiwa miongoni mwa walimu wake. Msanii aliyekuwa akilipwa mshahara na Serikali akaambiwa sasa ajitegemee. Mwaka 1984 Sheria Namba 23 ililiunganisha Baraza la Muziki na Baraza la Sanaa, ikazaliwa BASATA. Mwaka 2002 ukumbi wa maonyesho wa Bagamoyo uliungua, na ulichukua miaka kadhaa kujengwa upya. Mwaka 2007 chuo kikawa wakala wa Serikali, TaSUBa. Maana yake ni kwamba mkuu wa chuo lazima sasa ajue kuuza tikiti sawasawa na anavyojua ngoma.

Na huku kwetu wilayani? Afisa utamaduni wa wilaya ndiye mrithi halisi wa mawazo ya mwaka 1962. Yeye huandikisha vikundi na kushughulikia vibali, na hutafuta wachezaji wa kupokea wageni. Nimekaa katika vikao vingi vya bajeti katika utumishi wangu, na sijaona kifungu kinachokatwa upesi kama cha utamaduni. Hukatwa kabla ya chai. Kwa hiyo tusishangae kwamba vijana wa Temeke walipoibuka na muziki wao mwanzoni mwa miaka ya 2000, Juma Nature na TMK Wanaume wakilipeleka jina la wilaya hii nchi nzima, ofisi zetu hazikuwa na la kujivunia sana. Sheria ya Hakimiliki ilikuwa imepitishwa tangu mwaka 1999, lakini kijana wa Temeke aliyebeba wimbo wake kwenda kwa wasambazaji wa kanda Kariakoo alihitaji mtu wa kumsomea mkataba kabla hajatia sahihi. Mtu huyo ndiye msimamizi wa sanaa, na hakuwapo.

Hilo ndilo pengo ninalowaonyesha ninyi wa kidato cha nne na cha sita. Wasomi wa kwanza walijifunza utawala kazini, wakiwa na kipaji cha jukwaa na bila somo la fedha. Baadhi yao walifaulu ajabu. Leo idara ya Mlimani inaitwa Idara ya Sanaa Bunifu, na Bagamoyo hutoa astashahada na stashahada. Mwenye nia na aulize mapema sifa za kuingia. Akifika huko, asikimbie somo la hesabu.