Sultani Nsefu na Moto wa Luangwa

Neno safari ni letu. Wapagazi walilitumia walipobeba pembe na shaba kutoka Katanga mpaka bahari ya mashariki. Leo wageni wa Ulaya na Marekani wanalitumia pia, lakini kwao maana yake ni kwenda kutazama tembo na simba, kisha kula jioni kando ya moto. Safari ya namna hii ilianzaje? Tutazame bonde moja lililo jirani nasi, bonde la mto Luangwa, katika nchi ya Zambia.

Mto huo unapita mashariki ya milima ya Muchinga na kuingia katika Zambezi. David Livingstone aliuvuka mwezi wa Desemba 1866, pamoja na Susi na Chuma. Jina la Livingstone linajulikana kila mahali. Lakini ni nani waliobeba mizigo, wakatafuta unga vijijini na kuwasha moto kila jioni? Alipokufa mwaka wa 1873 katika kijiji cha Chitambo, Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili wake mpaka Bagamoyo. Basi, tangu zamani safari ya mgeni ilisimama juu ya mabega ya watu ambao majina yao hayakuandikwa.

Baadaye Waingereza walitawala nchi hiyo, wakiiita Rhodesia ya Kaskazini. Tembo waliharibu mashamba, na serikali iliweka watu wa kuwapiga risasi. Mmoja wao alikuwa Norman Carr, aliyezaliwa mwaka wa 1912 huko Chinde, Msumbiji. Mtu huyu aliyelipwa kwa kuua tembo ndiye aliyekuja kutafuta njia ya kuwaacha hai.

Mwaka wa 1950 alipeleka shauri kwa Nsefu, sultani wa Wakunda. Sultani atenge sehemu ya ardhi yake. Vijengwe vijumba vya wageni. Wageni walipe ili kutazama wanyama bila kuwaua. Na fedha ziwafikie watu wa sultani. Nsefu alikubali, na vijumba sita vikajengwa. Mara nyingi sifa yote hupewa Carr. Lakini Carr hakuwa na ardhi ya kutoa. Aliyeitoa ni Nsefu, na bila neno lake kazi hiyo isingeanza.

Hesabu yao ilikuwa rahisi. Tembo aliyeuawa huliwa siku chache, na pembe zake huuzwa mara moja tu. Tembo aliye hai hutazamwa mwaka huu na mwaka ujao, na kila anayemtazama hulipa.

Kisha Carr alianza kuwaongoza wageni kwa miguu, na desturi hiyo imebaki Luangwa hata leo. Mbele hutangulia askari wa wanyama mwenye bunduki, halafu kiongozi, halafu wageni mmoja nyuma ya mwingine. Nyuma yuko mbeba chai. Hakuna anayeruhusiwa kukimbia, kwani mnyama mkali humfuata anayekimbia. Kambi za nyasi na miti hujengwa wakati wa kiangazi, na huondolewa kabla ya mvua.

Jioni kazi ni ya mpishi. Yeye hapiki juu ya ndimi za moto, hungoja makaa. Kuni za mopane ni ngumu, na makaa yake hukaa muda mrefu. Mkate huokwa ndani ya sanduku la bati, makaa yakiwa chini na juu yake. Kusini zaidi, Makaburu waliokuwa wakisafiri kwa magari ya ng'ombe walizoea chungu cha chuma chenye miguu mitatu, kisichohitaji mafiga. Nacho kimeenea katika kambi nyingi. Wenyeji wanasonga nshima, ambayo sisi wa Katanga tunaiita bukari, na kuila kwa samaki, maharagwe au mboga za majani. Matunda hayawekwi hemani, kwani tembo huyanusa kwa mbali.

Lakini mambo hayakwenda vizuri siku zote. Mwaka wa 1972 Luangwa ya Kusini ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, na sehemu ya Nsefu imo ndani yake. Hata hivyo, katika miaka ya 1970 na 1980 majangili waliua tembo wengi mno, na vifaru weusi wakaisha kabisa katika bonde lile. Mwaka wa 2003 ndipo vifaru walipoanza kurudishwa, katika Luangwa ya Kaskazini.

Tena tembo hawajaacha kuingia mashambani. Mgeni akimwona tembo hufurahi, kisha hurudi kwao. Mkulima akimwona usiku, huhesabu mahindi yatakayopotea, na huwafikiria watoto wake. Akiambiwa kwamba tembo ni mali, ana haki ya kuuliza: ni mali ya nani?

Ndiyo sababu inafaa kukumbuka agano la mwaka wa 1950. Halikusema tu kwamba wanyama walindwe. Lilisema pia kwamba wenye nchi wapate sehemu yao. Nusu ya kwanza ikishikwa na ya pili ikaachwa, jirani wa hifadhi hana sababu ya kumkataza jangili. Moto wa kambi huwaka vizuri pale ambapo aliyeleta kuni naye amepata mahali pa kukaa.