Kombora Lililogeuzwa Mchukuzi

Tusomapo Isaya 2:4 tunakumbushwa juu ya silaha zitakazogeuzwa kuwa vyombo vya shamba. Leo na tutazame jambo la namna hiyo lililotendeka katika siku zetu, tuone lilifika wapi.

Wasovieti walikuwa na kombora zito mno, R-36M, lililobuniwa Ukraine katika mji wa Dnipropetrovsk. Lilifichwa katika mashimo marefu ardhini. Moja liliweza kuchukua vichwa 10 vya nyuklia. NATO waliliita Satan, yaani Shetani, wala hawakulikosea jina.

Mwaka 1991 Marekani na Wasovieti walitia sahihi mapatano ya START. Makombora hayo mazito, 308 kwa jumla, yalitakiwa kupunguzwa yawe 154. Yaliyoondolewa yafanywe nini? Kuyavunja ni gharama, na mafuta yake ni sumu. Basi Warusi na Waukraine wakashirikiana. Vichwa vya nyuklia viliondolewa, na mahali pake zikawekwa setilaiti za wateja. Roketi wakaiita Dnepr, jina la mto unaoanzia Urusi na kuteremka hata Ukraine.

Ilirushwa kwanza tarehe 21 Aprili 1999, ikichukua setilaiti ya Waingereza. Mwaka 2010 ilipeleka CryoSat-2, iliyotumwa kupima barafu ya ncha za dunia. Tarehe 17 Agosti 2011 ilichukua setilaiti mbili za Nigeria, na moja ilikuwa imeundwa na wahandisi Wanigeria waliokuwa mafunzoni Uingereza. Chombo kilichokusudiwa kuteketeza miji kikapandisha jicho la kutazama mashamba ya Afrika!

Lakini tusishangilie upesi. Katika safari 22, moja ilishindwa mwaka 2006, na roketi ikaanguka Kazakhstan pamoja na sumu yake. Tangu 2014 mataifa hayo mawili yaligombana, na safari ya mwisho ikawa Machi 2015. Mwaka 2022 Urusi iliivamia Ukraine kwa majeshi. Tarehe 21 Novemba 2024 mji ule ule, ambao sasa huitwa Dnipro, ulipigwa kwa kombora jipya la Urusi.

Ndugu zetu, chuma humtii yeyote akishikaye. Wahandisi waliweza kuligeuza kombora, bali urafiki wa majirani hakuna fundi wa kuutengeneza mara moja ukadumu peke yake. Kila mapatano tuliyo nayo, ya mpaka wa shamba au ya mataifa, hayana budi kulindwa siku zote na wale waliyoyafanya.